Lenzi Waliyoiita ya Kambo

Tabora, kiangazi, arobaini yako ikiwa imepita

Baba Mkubwa,

Ninadai, na nitalitetea dai hili mbele ya mtu yeyote wa mji huu mwenye subira ya kunisikiliza, kwamba lenzi iliyotengenezwa na karakana ndogo kwa ajili ya kamera yenye jina kubwa si bandia, si pungufu, na si ya kambo. Ni lenzi. Hupimwa kwa picha inayotoa. Jina lililochongwa kwenye ukingo wake haliongezi mwanga wala halipunguzi.

Najua ungesema nini. Ungevua miwani, ungeifuta kwa pindo la kanzu, kisha ungeniuliza taratibu, "Umeanza na hukumu, sasa utamaliza na nini?" Nami ningekujibu kwamba ndivyo tulivyofundishwa chuo kikuu: dai kwanza, ushahidi baadaye. Ungecheka. Ningekasirika. Mama Mkubwa angetuletea kahawa ili vinywa vyetu vipate shughuli nyingine. Tangu ulipoondoka sina wa kubishana naye kwa namna ile, na nimegundua kwamba mtu anaweza kuwa na shahada na vitabu vilivyojaa sanduku zima, akakosa mtu wa kumwambia "hapana" akafurahi. Ndiyo maana nakuandikia wewe jambo ambalo, kwa utaratibu, lingepaswa kuandikiwa kamati. Nitaibandika barua hii kwenye mlango wa studio ili wanaohusika waisome. Lakini ni yako.

Nianze na habari za nyumbani. Mama Mkubwa yumo katika eda. Hukaa chumba cha ndani, na wanawake wa mtaa huja zamu kwa zamu kuzungumza naye. Studio nimeifunga. Lile pazia lako lililochorwa ngazi za marumaru, ngazi ambazo hakuna nyumba ya Tabora iliyokuwa nazo na ambazo kila mtu alitaka kupigwa picha amesimama mbele yake, nimelikunja kama mkeka na kuliegemeza ukutani. Vumbi linaingia hata hivyo. Watu bado wanagonga. Majuzi alifika yule bwana wa Sikonge ambaye binti yake ulimpiga picha siku ya harusi. Kaja na baiskeli, dumu la asali limefungwa nyuma kwa kamba ya mpira. Hakuwa amesikia. Nilipomwambia, alisimama ameshika usukani, akitazama mlango kana kwamba wewe ungeweza kutoka umkanushie. Kisha akasema, "Basi asali ni ya mama," akafungua kamba, akaondoka bila hata kunywa maji.

Asali tumeila. Ilikuwa nyeusi na kali, ya msitu wa ndani, kama unavyoipenda. Kama ulivyoipenda. Bado sijazoea kukusemea kwa wakati uliopita.

Sasa nikukumbushe jinsi lenzi yenyewe ilivyofika, kwa sababu wapo watakaosoma barua hii ambao hawakuwapo, na wapo waliokuwapo wanaojifanya wamesahau.

Kamera yako ilikuwa ya Kijerumani, yenye jina ambalo hata wasiojua kusoma walilitambua kwa umbo la herufi zake. Ilikuja na lenzi yake ya kiwanda kilekile. Mwaka mmoja, masika yakiwa mazito, ukungu uliingia katikati ya vioo vya lenzi hiyo, ukaota kama nyuzi za buibui, na kila bwana harusi akawa anatoka kwenye picha amefunikwa na wingu. Uliandika huku na huko kutafuta nyingine ya jina lile. Haikupatikana, au ilipatikana kwa masharti ya watu wa mbali. Ndipo muuza vifaa mmoja wa Dar es Salaam akakujibu kwamba anayo lenzi ya Kijapani, ndefu zaidi, iliyotengenezwa na karakana isiyotengeneza kamera hata moja. Kazi yao ni lenzi tu. Wanaitengeneza mara moja, kisha wanaivisha pete ya kuunganishia inayolingana na kamera ya mnunuzi: Mjerumani pete yake, Mjapani pete yake. Kamera ikifa, mtu hununua pete nyingine, na lenzi inaendelea na maisha katika nyumba mpya.

Ilifika kwa treni. Nakumbuka tulivyokwenda stesheni pamoja, wewe umevaa koti juu ya kanzu kama mtu anayempokea mgeni rasmi. Nilikuwa sekondari wakati ule, najua kila kitu. Uliifungua hapohapo kwenye benchi, ukaitazama kutoka mbele, ukaitazama kutoka nyuma, ukaielekeza kwenye dirisha la ofisi ya stesheni. Nikakuuliza, "Ni nzuri?" Ukasema, "Sijui. Haijamwona mtu bado."

Mtu wa kwanza iliyemwona hakuwa mtu. Utanisamehe kwa kulisimulia hili hadharani, lakini ni ushahidi. Alikuja mfugaji mmoja kutoka Igunga, amepanda lori la pamba, na fahali wake kafungwa ndani ya lori hilo, kwa sababu alitaka picha na huyo fahali na si na mke wala mtoto. Mama Mkubwa alikataa fahali asipite sebuleni. Akazungushwa uani. Kwa lenzi ya zamani, ungelazimika kumsogelea mpaka usikie pumzi yake. Na fahali yule alikuwa na macho ya mtu aliyedhulumiwa. Kwa lenzi mpya ulisimama mbali, mlangoni pa jiko, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Mfugaji akakuita, "Sogea, mzee, mbona unamwogopa ng'ombe wa watu?" Ukamjibu, "Simwogopi. Namheshimu." Ukabonyeza. Na picha ile, Baba Mkubwa! Kila unywele wa uso wa fahali ulihesabika, na nyuma yake ukuta wa jiko letu uliyeyuka ukawa kama ukungu wa asubuhi, usionekane kuni wala masufuria. Yule bwana aliishika picha kwa ncha za vidole, akaniambia mimi, si wewe, "Huyu babako ana jicho."

Ndiyo hiyo lenzi. Ndiyo iliyopiga picha ya wazee wa mtaa asubuhi ya Uhuru, wamesimama safu mbili, nusu yao wamefumba macho kwa jua. Ndiyo iliyonipiga mimi na joho langu, nikiwa nimekunja uso kwa sababu tulikuwa tumetoka kubishana.

Nawe, badala ya kuitangaza, ukachukua utepe mweusi wa nguo ukauzungusha kwenye ukingo wake, juu ya lile jina fupi la watengenezaji ambalo hakuna aliyelijua. Hilo ndilo lililotugombanisha likizo nyingi kuliko siasa. Nilikuambia unaficha. Ukaniambia, "Sifichi. Nazuia maswali. Mteja akianza kusoma lenzi, uso unakunjamana, na mimi nautaka uso." Nikakupa hotuba. Nilikuambia kwamba mji huu, kuliko mji wowote, ungepaswa kuwa wa kwanza kulitetea jina lile dogo. Hapa ndipo misafara ilipokutana. Kwihara, walikopanga wenye misafara, si mbali, mtu anaweza kwenda kwa miguu. Pembe za ndovu zilitoka hapa mpaka pwani juu ya mabega ya babu zetu, na kila msafara uliitwa kwa jina la mwenye mali, hakuna hata mmoja ulioitwa kwa jina la mabega. Nikauliza, kwa sauti niliyodhani ni ya kutikisa ukumbi: je, hatujajifunza lolote? Ukasikiliza mpaka mwisho, maana hukuwa mtu wa kumkatiza mwenzako. Kisha ukasema, "Umesema vizuri sana. Sasa nishikie taa, kushoto kidogo."

Utepe ukabaki. Nami nikashika taa, kushoto kidogo.

Sasa nifike kwenye msiba wako, maana kosa lote lilianzia hapo, na kosa lenyewe ni la namna ambayo mtu wa nchi nyingine hawezi kulielewa asipoelezwa.

Siku ya pili ya matanga, nyumba ikiwa imejaa mpaka barazani, akaingia Mzee Pazi. Kwa asiyemjua: Mzee Pazi ni Mzaramo, fundi uashi aliyeletwa huku na kazi ya reli akasahau kurudi, na ni mtani wako. Utani wenyewe umetoka kwenye njia ya misafara, Wanyamwezi wakishuka pwani na Wazaramo wakiwangoja njiani kuwatoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na ninyi wawili mliuendeleza kana kwamba msafara umepita jana. Aliingia bila kupiga hodi, kama mtani anavyoruhusiwa na mtu mwingine asivyoruhusiwa. Akaenda moja kwa moja studio, akatoka na lenzi mkononi, akasimama katikati ya waombolezaji akaiinua juu.

"Mnalia nini?" akasema. "Huyu amewadanganya maisha yake yote! Ninyi Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo ya watu. Huyu wenu hata jicho alibeba la watu! Kamera ya Mjerumani, jicho la Mjapani, mkono wa Mnyamwezi wa Unyanyembe! Hili ni jicho la kambo, jamani. La kambo! Siliachii mpaka nipewe jogoo."

Baraza zima likaangua kicheko. Wakamtupia kanga, wakamtupia tumbaku, wakamwita mtoza hongo na mwana wa mtoza hongo. Naye akawa anazunguka na lenzi, anamwelekezea kila mmoja akisema, "Usilie, nakupiga picha, utatoka mbaya." Mpaka ndani, kwa wanawake, kikasikika kicheko kimoja nilichokitambua, kifupi, cha puani. Kilikuwa cha Mama Mkubwa. Kilikuwa cha kwanza tangu usiku ule wa hospitali ya Kitete. Jogoo akaletwa, lenzi ikarudi. Nilipoipokea nikaona Mzee Pazi machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, na hakuyafuta, kwa sababu mtani msibani ana kazi ya kuwachekesha wenzake na hana ruhusa ya kuonekana analia.

Huo ndio utani. Ni heshima iliyovaa nguo za matusi. Kila mtoto wa hapa anajua.

Basi, tazama kilichofuata. Wapiga picha wa mji huu wameungana katika ushirika. Jambo hilo wewe mwenyewe ulilitaka. Nakumbuka ulivyoinamia redio siku zile za Azimio, ukasema, "Tukiagiza karatasi za picha pamoja, zitafika Tabora bila kungoja huruma ya mtu." Zitafika sasa, na sitalisema vibaya hata siku moja. Filamu na karatasi zitagawiwa kwa wanachama, na kila nyumba inayoingia italeta kamera moja kamili iwe mali ya wote. Mwenyekiti wa kamati ni Bwana Kassimu wa studio ya stesheni, rafiki yako, yuleyule aliyekuwa bega la mbele tulipobeba jeneza lako.

Nilikwenda mbele ya kamati kwa niaba ya Mama Mkubwa, ambaye eda haimruhusu kwenda. Nikaweka kamera mezani, na lenzi. Bwana Kassimu akaifunua sehemu ya utepe kwa kucha, akasoma, akaurudisha mahali pake taratibu, kama mtu anayemfunika maiti. Akasema ushirika utapokea kamera zenye lenzi za kiwanda kilekile tu, ili picha zetu zisidharauliwe huko nje. Kamera ya nyumba hii si kamili. Nikauliza ni nani aliyethibitisha kwamba lenzi hii ina upungufu. Na hapa, Baba Mkubwa, ukae vizuri. Akanijibu:

"Kijana, hilo halihitaji kuthibitishwa. Hata watani wake walisema msibani, mbele yetu sote, kwamba ni jicho la kambo."

Na wajumbe wakatikisa vichwa! Watu wazima, wenye wajukuu, waliomtupia Mzee Pazi tumbaku kwa mikono yao wenyewe, wameugeuza utani kuwa ushahidi. Kwa mantiki hiyo, mtani akisema msibani kwamba marehemu alikuwa mwizi wa kuku, polisi waje wahesabu kuku. Nilisema hivyo. Nilisema na mengine. Nikaambiwa mimi si mwanachama, nikae chini; sikukaa; nikaombwa nitoke.

Maana ya uamuzi huo ni nyepesi kuieleza. Bila uanachama hakuna karatasi, na bila karatasi studio yako imekufa mara ya pili. Mimi nimepangiwa kufundisha Nzega na nitaondoka karibuni. Anayebaki ni Mama Mkubwa.

Nilirudi nyumbani nikaandika utetezi. Ulikuwa mzuri, mimi mwenyewe niliusifu. Nilikiri kasoro, kwa kuwa mtetezi asiyekiri kasoro hana haki ya kusikilizwa: lenzi yetu hutoa picha hafifu pembeni tundu la mwanga likifunguliwa sana, na haivumilii kutazama jua, ndiyo maana hukumweka mteja mbele ya mlango hata siku moja. Kisha nikaonyesha kwamba lenzi zenye majina nazo zina kasoro zake, na kwamba yetu ya jina ndiyo iliyoota ukungu. Kisha hoja yangu kubwa. Nimesoma katika majarida ya maktaba ya chuo kwamba wapo wenye viwanda vya kamera, tena wenye majina makubwa, wanaoagiza lenzi kutoka kwenye karakana hizohizo ndogo, wakachonga jina lao juu yake, wakauza kama mtoto wa kuzaa. Sisemi kwamba lenzi ya Bwana Kassimu ni ya namna hiyo. Sijui. Lakini naye hajui. Ameitumia miaka yote hii, ameipenda, ameitetea, na hawezi kuapa ni mikono ya nani iliyokisugua kile kioo. Anachojua ni jina. Sasa ikiwa lenzi ileile, iliyotoka kwenye meza ileile ya fundi yuleyule, ni halali ikivaa jina moja na ni ya kambo ikivaa jingine, basi tunachokipima si lenzi.

Nilikwenda kumsomea Mama Mkubwa, nimekaa nje ya mlango wake, yeye ndani. Alisikiliza mpaka mwisho, alijifunza kwako. Kisha akasema:

"Umeitetea lenzi vizuri, mwanangu. Na mimi?"

Sikumwelewa. Akasema tena, bila ukali, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi: "Picha za wanawake wa mji huu, nani alizipiga?"

Baba Mkubwa, nilikaa pale mlangoni nikiwa na makaratasi yangu mkononi. Nani alizipiga! Nimekulia katika nyumba hiyo. Nilijua kwamba maharusi na mama zao hawakuingia studio ya mbele, walipita mlango wa uani, wakapigwa picha chumba cha ndani ambako hakuna mwanamume aliyekanyaga. Nilijua kwamba siku hizo wewe ulikaa barazani unakunywa kahawa na waume zao, na kwamba kamera ilikuwa ndani pamoja na yeye. Nilijua kwamba yeye ndiye aliyezisafisha picha zote, zake na zako, mikono ikinuka dawa mpaka kwenye unga wa ugali. Na nyuma ya kila picha, ya mwanamume na ya mwanamke, mhuri mmoja: jina lako. Nilitoa hotuba nzima juu ya mabega ya wapagazi, wakati mwanamke aliyekuwa akinipikia alikuwa chumba cha pili, na utepe mweusi umemzunguka.

Hapa, basi, nina ugomvi nawe, na hakuna kahawa itakayotunyamazisha. Najua ungesema ulikuwa unamlinda, kwamba watu wangeongea, kwamba ulizuia maswali. Huenda ni kweli. Mwaka ule ulipoanza, huenda ilikuwa kweli tupu. Lakini nakumbuka pia jinsi ulivyosimama nyuma ya mlango wa chumba cha giza ukimngoja atoke na picha zake mbichi, na jinsi ulivyozitazama moja baada ya nyingine ukasema, ukidhani sisikii, "Huyu mwanamke ananizidi." Ulilisema kwa furaha. Ungelisema mbele ya watu mara moja tu, ningekuwa nakuandikia barua fupi zaidi.

Sikulaumu kama adui. Nakulaumu kama mtoto ambaye hukumzaa, uliyemtoa Igunga baada ya ndugu yako kufa, ukamtia nyumbani mwako, na ambaye hajasikia hata siku moja kinywani mwako neno jingine zaidi ya "mwanangu". Hukuniuliza nimetoka karakana gani. Ulinivisha pete ya nyumba yako, nikashika. Mtu aliyeweza hilo asingeshindwa na mhuri.

Nikuambie yaliyobaki, kisha nikuache upumzike.

Mzee Pazi alipopata habari kwamba utani wake umegeuzwa hukumu, alikuja akiwa amefura. Sijapata kumwona vile. "Mimi ndiye niliyelitukana jicho lile," alisema, "na sheria ya kulitukana ni yangu mimi peke yangu. Kassimu ni mtani wa nani yule? Nani kamtuma?" Kisha akatulia, akakaa kwenye kigoda chako cha wateja, akapanga kofia yake, akasema eda ya shemeji yake ikiisha atakuja kupigwa picha na jicho hilohilo la kambo, hadharani, na asipotoka mzuri atarudisha jogoo. Nikamwambia jogoo ameshaliwa. Akasema, "Basi lazima nitoke mzuri."

Siku ile Kitete, sauti yako ikiwa imebaki ya kuvutia pumzi tu, niliinama nikitegemea wasia. Ulichoniuliza ni, "Kifuniko umekiweka?" Nikasema nimekiweka. Nilikuwa sijakiweka, nilitoka nikakimbia nyumbani nikakiweka. Kiko juu ya lenzi mpaka leo. Ila utepe nimeubandua, wote, nikausugua ule ukingo kwa kitambaa mpaka jina la watengenezaji likasomeka. Ungeninunia siku mbili. Nimekubali.

Kwaheri, Baba Mkubwa. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi na akutie nuru humo, wewe uliyeishi kwa kuitafuta. Ahadi yangu ni hii: kabla sijapanda lori la Nzega, nitakuwa nimechongesha mhuri mpya wenye jina la Mama Mkubwa, na hautasimama nyuma ya jina la mtu mwingine yeyote, si langu na si lako. Jina lako litabaki pale lilipo halali, juu ya mlango.

Na sasa nakugeukia wewe Bwana Kassimu, mwenyekiti, uliyesimama mbele ya mlango huu unasoma. Shikamoo. Ulimbeba Baba Mkubwa kwa bega lako, nami silisahau. Eda ikiisha, lete kamera yako na lenzi yake ya nyumba moja hapa barazani, mchana, watu wakiwapo. Mama Mkubwa ataleta yetu. Mzee Pazi atakaa kigodani. Utampiga wewe, atampiga yeye. Picha zisafishwe pamoja, zitundikwe ukutani bila jina la lenzi wala la mpigaji, na mji uambiwe uchague ya kambo ni ipi. Ukikubali, sema. Ukikataa, sema pia, na useme kwa sababu ipi isiyotoka kinywani mwa mtani. Lakini usiniite pembeni, usinitumie mjumbe, wala usimjibu Mama Mkubwa kwa kunijibu mimi. Umehukumu mbele ya watu. Jibu mbele ya watu.